Tuta la Baba Abby

Mume wangu, Njuguna, aliendesha greda tangu akiwa kijana hadi siku aliyostaafu. Kama umewahi kupita barabara ya Elementaita, au ukapanda Molo mpaka Keringet, umekanyaga kazi yake. Na kazi yenyewe ilikuwa moja: kuona mahali palipoinuka na kupakwangua mpaka pawe sawa na meza. Alisawazisha vilima vya watu kila upande wa Bonde la Ufa. Kisha akarudi nyumbani kwetu Gilgil, akapumzika kidogo, akachoka kupumzika, na asubuhi moja akaniambia kwamba atajenga kilima mbele ya mlango wangu.

Nasema mlango wangu kwa sababu miaka hiyo yote yeye alikuwa mtu wa kuja mwisho wa mwezi na mfuko wa nguo chafu. Mimi ndiye niliyekaa hapa. Ua wa kayaba niliupanda mimi, sukuma wiki nilizimwagilia mimi, na vitunguu ninavyouza kando ya barabara kuu ndivyo vilivyoezeka jikoni. Mtu anayerudi akakuta kila kitu kipo mahali pake, naye ana nguvu na hana kazi, ni hatari kuliko mwizi. Mwizi hubeba akaenda zake.

Lakini siwezi kumnyima haki yake. Shida ilikuwepo. Barabara inayopita juu ya ploti yetu ilipotiwa lami iliinuliwa, na walioijenga wakasahau kuweka mtaro upande wetu. Msimu wa mvua uliopita maji yaliteremka kutoka getini moja kwa moja hadi sebuleni, yakakaa humo hadi tulipoyatoa kwa karai. Makochi yalivimba, na lile la kona halijawahi kukauka vizuri.

“Tutaweka tuta hapa,” Njuguna akasema, akichora hewani kwa mkono. “Maji ikikuja inagonga, inageuka, inaenda kwa kayaba. Na juu tunapanda maua. Hiyo inaitwa landscaping, Mama Abby. Niliona kwa hoteli moja huko Naivasha, wakati tulikuwa tunawafanyia driveway.”

“Ya hoteli iko na wageni wa kuiangalia,” nikamwambia. “Yetu itaangaliwa na kuku.”

Kumbe wageni tulikuwa nao. Wiki hiyo hiyo Abby, binti yetu wa pekee, alipiga simu kutoka Nakuru, anakofanya kazi katika duka la dawa za mifugo. Watu wa Keringet walikuwa wamesema watakuja kumposa kwa ajili ya kijana wao, Kipng'eno. Kijana mwenyewe tulikuwa tumemwona Krismasi. Ni mtu mtaratibu, aliyekula akaosha sahani yake bila kujionyesha, na nilimpenda siku hiyo hiyo. Shida haikuwa yeye. Yeye ni Mkipsigis, sisi ni Wakikuyu, na katika sehemu hizi zetu watu wana kumbukumbu zao. Pande zote mbili walikuwapo waliokaa wakingoja jambo hilo livunjike ili wapate la kusema. Nilitaka siku ya wageni ipite bila dosari hata moja, hata ya kijiko. Niliomba kwa ajili hiyo kila nilipoinua gunia la vitunguu.

Ndipo Njuguna akaanza kuchimba.

Alipiga vigingi, akavuta kamba, akainama akaitazama kwa jicho moja, na kamba ikawa imenyooka kabisa. Nikamuuliza kwa nini isipinde. Tuta la hoteli, kama aliona vizuri, bila shaka lilipinda kidogo, likawa nene hapa na jembamba pale. Ncha zake ziligeukia kule juu yanakotoka maji, yasije yakazunguka pembeni.

“Mama Abby, wewe ni mtu wa vitunguu,” akanijibu. “Mimi nimeweka line kutoka Njoro mpaka Mau Narok. Usinifundishe line.”

Basi nikanyamaza, kwa maana ya kwamba niliongea na sufuria. Chini aliweka mawe na vigae vilivyovunjika. Juu yake akaweka tairi kuukuu, nusu ya sinki tuliyong'oa bafuni, na kila taka nzito iliyokuwa nyuma ya choo. Juu ya hizo akamwaga maram, ule udongo wa kokoto wa kutengenezea barabara, akainyunyizia maji, akaishindilia kwa gogo, akamwaga tena, akashindilia tena. Nilimwambia mimea haina meno ya kutafuna barabara. Akasema tabaka la juu litakuwa udongo mzuri.

Udongo wetu wa Gilgil ni mwepesi, upepo ukivuma unaenda kwa jirani. Kwa hivyo akamwomba rafiki yake mwenye lori amletee udongo mwekundu. Rafiki akamwaga lori moja, akaenda safari ya Busia, hakuonekana tena. Udongo ulitosha kipande cha katikati tu, pale mbele ya mlango ambapo maji hupita. Ncha mbili alisema atazimalizia baadaye. Kile kipande akakipanga vizuri, kikainuka mpaka magotini, kirefu kidogo kuliko mtu, chekundu, kimenyooka. Akakizungushia mawe, na mawe akayapaka chokaa nyeupe, kwa sababu mtu wa barabara hawezi kuona ukingo bila kuupaka chokaa. Akaenda mtoni akachimbua yale maua meupe yanayofanana na tarumbeta, ambayo hapa kwetu tunayaona juu ya majeneza, akayapanda mstari mzima kwa sababu yalikuwa ya bure. Mwisho, upande wa kichwani, akapanda mche wa mti, akausimamishia fito, na juu ya fito akafunga kijiti kingine kikikingama ili upepo usiuangushe.

Nilitoka na beseni la nguo nikasimama. Nilitazama msalaba, nikatazama maua, nikatazama mawe meupe.

“Baba Abby,” nikasema. “Umezika nani?”

Hakucheka. Njuguna hucheka mambo ya wengine.

Kesho yake Anyango, jirani yetu wa ploti ya chini, aliingia amejifunga leso kiunoni na kubeba pakiti ya sukari na unga. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. Akaniuliza mbona tumefanya mambo kimyakimya, kwani yeye ni mtu wa mbali? Nilipomweleza, alikaa chini kwenye ngazi akacheka hadi leso ikafunguka. Sukari aliniachia. Unga alirudi nao.

Nilidhani hiyo ingetosha. Nilimfuata Njuguna nikamwambia waziwazi kuwa watu wa Keringet watakuja hapa, na wakiona kile kitu, hawataingia na neno la harusi. Wao kama sisi, hakuna mtu hufungua mdomo kuomba msichana katika boma lenye udongo mbichi wa kaburi. Nikamwomba atoe mawe tu. Au atoe kijiti cha juu. Au aongeze ncha hata kwa udongo wa kawaida, lisiwe na urefu wa jeneza.

“Kaburi gani iko na gradient kama hii?” akaniuliza, kwa uchungu wa kweli. “Angalia hiyo slope. Hiyo ni kazi.”

“Daddy, hakuna mtu atapima slope,” Abby akamwambia jioni alipokuja. “Wasee wataona kaburi, period.”

“Wataona maua,” akasema Njuguna. “Hii boma yetu ni flat, hakuna ng'ombe, hakuna majani chai. Nataka wakiingia wapate kitu ya kuangalia.”

Hapo nilimhurumia kwa dakika kama moja. Kisha nikakasirika tena. Siku aliyokwenda Nakuru kutafuta viatu, nilikata kile kijiti mwenyewe. Upepo ukaja mchana, mche ukalala. Aliporudi aliukuta umelala. Alichukua mbao mbili nene, akazipigilia misumari, akazisimamisha. Sasa msalaba ulionekana hadi barabarani.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nne, na mawingu yalikuwa meusi tangu asubuhi. Mimi nilikuwa jikoni na Anyango na sufuria zetu, Abby akiwa kwenye stuli nyuma ya mlango, amevaa, kwa sababu msichana haonekani mpaka aitwe. Sebuleni walikuwa Njuguna na kaka yake mkubwa, Kang'ethe, aliyekuwa msemaji wetu. Kipng'eno aliambiwa na wazee wake abaki Keringet, mara ya kwanza huongea wakubwa.

Niliwaona kupitia dirisha la jikoni. Walishuka kwenye gari wakiimba wimbo wa kanisani, mbele yao akiwa mzee mrefu mwenye koti la kijivu, Arap Maritim, msemaji wao, na kando yake shangazi wa kijana, Jepkemei, akipiga makofi. Walipofika getini wimbo ulikufa. Haukwisha, ulikufa, sauti moja baada ya nyingine. Wanaume wakavua kofia. Jepkemei akaikunja mikono tumboni. Wakalizunguka tuta kwa mbali, wakiangalia chini, wakaingia nyumbani kwangu wakinong'ona.

Nilijua. Nilikuwa nimesema, nikasema, nikasema.

Jepkemei alikuja jikoni kabla hata hajaketi. Alinishika mikono yote miwili.

“Pole sana, mama. Mungu awape nguvu.”

“Asante, mama, lakini ile kitu hapo nje si—”

“Usiongee,” akanikatiza, huku akinikumbatia. “Saa hizi ukiongea utaumia zaidi. Sisi tunaelewa.” Akajipangusa macho, akarudi sebuleni kabla sijapata pumzi.

Na huko sebuleni mimi sikuwa na njia. Mama wa msichana haingii katikati ya wazee wakiongea, hata nyumba ikiungua. Nikamtuma Anyango apeleke chai na amnong'oneze Kang'ethe. Kang'ethe, ambaye akishasimama kuongea humwinulia mkono hata pasta, alimwinulia mkono. Anyango akarudi na trei. Nikamtuma tena. Akainuliwa mkono tena. Chai ilikuwa imewekwa mbele ya wageni na hakuna aliyeigusa. Hawakuuliza nani alikufa, kwa sababu mtu mwenye adabu haulizi, hungoja aambiwe. Na sisi hatukuwauliza mbona hawanywi, kwa sababu hilo nalo haliulizwi. Adabu yote hiyo ilikuwa inamvunjia mtoto wangu ndoa.

Ndipo nikamsikia Arap Maritim akisimama.

“Tumefika, na tumeona,” alisema taratibu. “Boma ikiwa na mambo kama hii, sisi hatuwezi fungua mdomo tuseme yale ilituleta. Hiyo si heshima. Wacha turudi. Pengine mwaka ujao, Mungu akipenda.”

Kisha sauti ya Njuguna, ambaye hakupaswa kuongea hata kidogo. Alikuwa amesikia neno moja tu, kwamba wameliona boma lake na halikuwafaa.

“Kama boma yetu haiwatoshi, mzee, njia ni ile mlikuja nayo.”

Viti vikasogea. Abby alikuwa bado kwenye stuli yake. Hakulia. Alisema tu, “Mum, wanaenda,” kama mtu anayesoma bango, na uso wake ulikuwa umekauka. Nimewahi kuona uso huo mara moja, siku alipofeli mtihani alioutegemea. Sikutaka kuuona tena.

Jembe huwa nyuma ya mlango wa jikoni. Nililitoa, nikazunguka nyumba kwa nyuma, nikatokea mbele wakati wageni wakishuka ngazi. Nikaenda moja kwa moja kwenye tuta, nikalipiga.

Pigo la kwanza lilirusha maua matatu. Nyuma yangu Jepkemei alipiga ukemi akanikamata kiuno.

“Woi, mama, wacha. Mwache apumzike.”

Nilimkokota akiwa kiunoni nikapiga tena. Arap Maritim aligeuza uso akatazama barabarani. Mwanamume mmoja alianza kuomba kwa Kikipsigis. Kang'ethe alikuwa mlangoni ameinua mkono, lakini safari hii hakuna aliyemwangalia. Mawe meupe yakaviringika, udongo mwekundu ukaruka, kisha jembe likagonga maram na kudunda. Njuguna alikuwa ameishindilia hivi kwamba hata kaburi la kweli lingekuwa limeshafunguka. Nikapiga, nikatukana kwa Kikuyu, nikapiga. Hatimaye tabaka likapasuka. Likatoka tairi. Nikalivuta, nikaingiza mikono yote, nikainua ile nusu ya sinki, nikaiweka mbele ya miguu ya Arap Maritim.

“Huyu ndiye marehemu,” nikasema. “Kuna mwingine mnataka?”

Jepkemei aliniachia. Arap Maritim alisogea, akainama, akachungulia shimoni kwa muda, kama anayetafuta kidole. Akaona vigae.

“Sasa, mzee,” akamwambia Njuguna, “hii ni nini?”

“Ni tuta,” Njuguna akasema. “Ya maji. Na maua.”

“Na mbona hukutuambia?”

“Hakuna mtu aliniuliza.”

Arap Maritim alianza kucheka polepole, tumboni kwanza, mpaka akashika nguzo ya msalaba asianguke, halafu akaona ameshika nini, akacheka zaidi. Wakarudi ndani wote. Chai ikanywewa imepoa, ikaletwa nyingine. Kutoka jikoni nilisikia sauti zikipanda, zikitaniana, Kang'ethe akieleza kuwa mbuzi wa mahari wasiojua Kikuyu hatuwapokei, na Arap Maritim akijibu kwamba watafundishwa. Nilikaa chini kwenye gunia la viazi, nikaanza kuhisi njaa.

Halafu mvua ikanyesha.

Haikuanza kwa matone. Ilianguka yote pamoja, namna ya mwezi wa nne, na maji ya barabarani yakafanya yanavyofanya kila mara. Yaliteremka kutoka getini, yakaja hadi kwenye tuta, yakakuta pengo nililolifungua mimi kwa mikono yangu, yakapita hapo kwa nguvu zote, yakaingia sebuleni. Niliwakuta wazee wa Keringet wameinua miguu kwenye makochi.

Njuguna alinitazama. Angesema, ningepata la kumjibu. Alichukua sepeto akatoka.

Arap Maritim alivua viatu, akaweka soksi ndani, akakunja suruali. “Msemaji hawezi kusema akiwa kwa maji,” akasema, akamfuata. Na wengine wakamfuata. Nikatoka na jembe, Anyango akaleta karai, Abby akasahau kwamba hajaitwa, akatoka na gauni lake jipya kubeba mawe. Tulirudisha sinki, tukarudisha tairi, tukajaza. Maji yakazuiwa katikati, lakini yakaanza kuzunguka pembeni.

“Hii ncha unafaa upindishe irudi juu,” Arap Maritim akamwambia Njuguna, akionyesha kwa mguu. “Sisi kwa viazi tunafanya hivyo. Ikinyooka, maji inazunguka.”

“Ni kweli, mzee,” akasema Njuguna papo hapo. “Ni kweli kabisa.”

Nilisimama kwenye mvua nikamwangalia mtu huyu niliyeolewa naye. Wakapindisha ncha zote mbili kwa udongo wetu mwepesi uliokuwa sasa tope, wakauwekea nyasi juu, wakakanyaga, Kang'ethe akikanyaga na tai shingoni, na maji yakageuka. Yakaenda kwa kayaba, yote. Tukabaki hapo tumesimama tukihema, tumechafuka kiasi kwamba usingejua nani ni wa upande gani.

Kang'ethe ndiye aliyekumbuka.

“Tumemaliza maneno yote, na msichana hajaulizwa.”

Ndani hakukuwa na mahali pakavu. Basi wakamuuliza pale pale. Abby alikuwa ameshika jiwe la chokaa, na chokaa ilikuwa ikimtiririkia mikononi.

“Abby, mwana wetu,” Kang'ethe akasema, “hawa watu unawajua? Tukubali kile wamekuja nacho, ama turudishe?”

Aliwaangalia wale watu, mmoja mmoja, suruali zimekunjwa, miguu yao kwenye matope ya kwetu.

“Nawajua,” akasema. “Mkubali.”

Jepkemei alipiga vigelegele, na Anyango akampokea. Kisha wote wakamgeukia baba wa msichana, kwa sababu neno la mwisho ni lake. Njuguna alikuwa ameinama mwisho wa tuta, amewapa watu mgongo, anashindilia udongo kwa gogo.

“Baba Abby,” nikamwita. “Wanakungoja.”

“Nakuja,” akasema bila kuinua kichwa. “Hapa bado haijashika.”

Nikamwendea kumkaripia. Mahali pale palikuwa pameshika zamani, hata tone moja halikupita. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, na gogo lilikuwa likipiga mahali pamoja tu. Nikaliacha karipio. Nikachukua sepeto, nikainama kando yake, nikapiga udongo pamoja naye mpaka akaweza kugeuka.